Mkeka Una Jina la Nani?



Juma hili tunazungumza juu ya kazi ya mikono. Hatutarudia yale ya kila siku, kwamba mama ajitahidi na kwamba sindano ni rafiki ya nyumba. Hayo tunayajua. Tunataka kuuliza swali ambalo linaweza kutukwaza kidogo: mkeka ukitoka nyumbani kwako ukapanda gari mpaka Bunia, au ukavuka ziwa, nani huko atajua kwamba ni wewe uliyeufuma? Jina lako linabakia wapi?

Angalia vitu vingine. Duka lina jina mlangoni. Mtumbwi una mwenyewe, na pwani nzima inamjua. Mbuzi akipotea, watu wanauliza ni wa nani. Lakini kitambaa cha meza ulichofuma kwa kroshe miezi miwili hakina mtu. Mgeni anakipapasa, anasema ni kizuri, anauliza bei. Ukiitaja, anacheka: "Mama, kwa uzi tu?"

Hiyo "kwa uzi tu" ndiyo tunayotaka kuifuatilia leo. Tutaanza kwa jirani yetu wa Uganda. Kutoka hapo tutasafiri mbali, mpaka kijiji cha wavuvi huko Kanada ambako wanawake wanatengeneza mazulia kwa ndoano. Kisha tutarudi Kongo, Kasai na hapa Ituri, na mwisho tutaona sisi wenyewe tunaweza kufanya nini na gunia kuukuu lililo nyuma ya nyumba.

Jirani wa ng'ambo ya ziwa

Njia ya maji kati yetu na Uganda tunaijua. Mwaka 2018 maelfu ya watu wa Ituri waliikata kwa mitumbwi wakikimbia mauaji, wakafikia Sebagoro, na wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Mtu anayekimbia hachukui kabati. Anakunja mkeka na kikwembe, anamfunga mtoto mgongoni, anakwenda. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mkeka ni kitu kidogo. Kwa wengine ulikuwa ndiyo nyumba nzima.

Upande huo wa ziwa yuko mwanamke anayeitwa Acaye Kerunen, aliyezaliwa mwaka 1981. Ni mwandishi, ni mshairi, anaigiza jukwaani, na zaidi ya yote anafanya sanaa kwa nyuzi. Vifaa vyake havitoki Ulaya. Ni nyuzi za mgomba, rafia, matete, ukindu, mabua ya mtama, na gome la mti lililopondwa likawa kitambaa. Kitambaa hicho cha gome, kinachotoka kwenye mti wa mutuba, Waganda wamekitengeneza tangu zamani, na tangu mwaka 2008 kiko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Acaye hafumi kila kitu peke yake, wala hafichi jambo hilo. Anakwenda kwa wamama wa vijijini katika pande mbalimbali za Uganda, wale waliofundishwa na nyanya zao kufuma mikeka na vikapu. Anachukua kazi za mikono yao. Nyingine anazifumua, anaziunganisha na nyingine, anazishona upya, anazitia rangi. Kitu kinachotoka hapo hakilaliwi tena wala hakianikiwi mihogo. Kinatundikwa ukutani, au kinashuka toka darini, na watu wanasimama mbele yake kukitazama.

Baadhi ya kazi zake amezipa majina ya Kialur, lugha ambayo wenzetu wa Mahagi wanaizungumza kila siku. Maonyesho yake huko Kampala aliyaita *Iwang Sawa*, maana yake katika jicho la wakati. Neno "sawa" hapo ni ndugu wa neno letu "saa". Limevuka ziwa na mipaka bila kuombwa karatasi.

Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza, ikiwa na ukumbi wake kama nchi, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1895, na mataifa yanapeleka huko wasanii wao walio bora. Uganda ilipeleka wawili: Acaye Kerunen na Collin Sekajugo. Mara hiyo ya kwanza tu, majaji waliupa ukumbi wa Uganda sifa ya pekee mbele ya mataifa yote. Fikiri basi: nyuzi za mgomba na matete, vitu ambavyo mtoto hapa kwetu anaambiwa avitupe nje, vilisimama Venice na kuheshimiwa.

Kuna jambo lingine katika kazi yake ambalo linatugusa sisi wa kando ya maji. Ukindu, matete na mafunjo vinaota kwenye vinamasi. Mama anayefuma anajua ni mwezi gani wa kukata, akate wapi, aache kiasi gani ili vichipuke tena. Kinamasi kikikaushwa, au kikijazwa takataka, yeye ndiye wa kwanza kujua, maana mkeka unamshinda kabla samaki hawajapungua sokoni. Acaye anawatazama wafumaji hao kama walinzi wa ardhi na maji, na anataka watu wauone ujuzi wao ndani ya kazi yenyewe.

Lakini swali letu bado lipo. Mkeka ule ule, ukiwa chini sakafuni, watu wanauita kazi ya wamama. Ukiwa ukutani, wanauita sanaa, na bei inapanda. Nyuzi hazijabadilika, wala vidole. Kilichobadilika ni kwamba mtu amesimama kando yake na kusema: hii ni kazi yangu na ya wenzangu, na mawazo haya ni yetu. Acaye amelipigania neno hilo, kwamba kufuma ni kufikiri. Anayehesabu nyuzi bila kuandika, anayekumbuka mchoro aliouona akiwa msichana na kuugeuza kidogo, anatumia akili kama yule anayeshika brashi.

Ndoano ya samaki na ndoano ya zulia

Sasa tusafiri mbali kidogo. Katika jimbo la Nova Scotia, Kanada, kwenye kisiwa cha Cape Breton, kuna kijiji cha wavuvi kinachoitwa Chéticamp. Watu wake wanazungumza Kifaransa. Ni wazao wa Waakadia, watu ambao Waingereza waliwafukuza kwa nguvu kwenye mashamba yao kuanzia mwaka 1755, wakawapakia merini na kuwatawanya. Familia nyingine zilirudi baada ya miaka mingi, zikaanza upya kando ya bahari, zikivua samaki. Hadithi yao haihitaji kuelezwa sana hapa Kasenyi.

Kipupwe cha kwao ni kirefu na baridi yake ni kali. Wanaume hawawezi kuvua miezi yote, na sakafu za mbao zinakuwa baridi kama barafu. Wanawake walichukua magunia ya zamani, wakayatandaza kwenye fremu ya mbao, wakakata nguo zilizochakaa kuwa vipande vyembamba kama utepe, na kwa ndoano ndogo wakavuta vipande hivyo kupita kwenye matundu ya gunia, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka gunia lote likafunikwa. Hilo ndilo zulia la ndoano, au tapi ya ndoano kama wengi wetu tutakavyosema. Baba yuko baharini na ndoano yake, mama yuko nyumbani na yake.

Katika miaka ya 1920 alifika huko msanii Mmarekani, Lillian Burke, rafiki wa familia ya Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, waliokuwa na nyumba kisiwani humo. Burke aliona kwamba wanawake hawa wana mikono ya ajabu. Aliwaletea michoro yake, akawafundisha kutumia sufu laini na rangi zilizotulia, na akaanza kuuza mazulia yao kwa matajiri wa New York. Tusimnyime haki yake: aliinua kazi, na katika miaka ya shida kuu ya uchumi fedha za mazulia ziliingia nyumba ambazo samaki walikuwa hawana bei.

Hata hivyo michoro ilikuwa yake, soko lilikuwa lake, na bei aliipanga yeye. Mnunuzi wa New York hakujua ni nani aliyekaa wiki nyingi juu ya fremu. Katikati ya miaka ya 1930 ukatokea mvutano juu ya malipo. Baadhi ya wanawake walijitenga, wakaanza kuchora na kuuza wenyewe. Na wakati ulikuwa mzuri, maana barabara ya kuzunguka kisiwa ilikuwa imefunguliwa na hifadhi ya taifa ilianzishwa jirani mwaka 1936. Watalii walianza kupita mlangoni. Baadaye, katika miaka ya 1960, wanawake wa kijiji waliunda ushirika wao wa kazi za mikono wenye duka.

Kati ya binti wa eneo hilo alikuwepo Elizabeth LeFort, aliyezaliwa mwaka 1914 karibu na Chéticamp. Hakusoma shule ya sanaa. Alijifunza kuvuta vitanzi nyumbani, kama watoto wetu wanavyojifunza kusuka nywele, kwa kukaa karibu na mama. Alianza na maua na mapambo ya kawaida. Kisha akajaribu kitu ambacho wengine hawakukifikiria: kuchora mtu kwa sufu, uso wenye shavu, kivuli chini ya pua, na jicho linalokutazama.

Jaribuni kuelewa ugumu wake. Mchoraji wa rangi akitaka kivuli anachanganya rangi mbili kwenye ubao. Kwa sufu huwezi kuchanganya baada ya kuvuta. Kila kivuli lazima kiwe uzi wake, umetiwa rangi kwanza, ukakauka, ukapangwa. Uso mmoja unahitaji rangi za ngozi nyingi mno, moja imezidi nyingine kidogo tu. Elizabeth alizitia rangi nyuzi zake mwenyewe, akavuta vitanzi vidogo sana na vya karibu, mpaka ukisimama mbali unadhani ni picha.

Alitengeneza sura za marais wa Marekani, sura ya malkia wa Uingereza, sura ya papa, na picha kubwa za historia ya Biblia. Kazi zake zilifika Ikulu ya Marekani, Vatikani na jumba la Buckingham. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Moncton kilimpa shahada ya udaktari wa heshima. Alifariki mwaka 2005, na leo mgeni anayefika Chéticamp anaweza kuingia jumba la makumbusho la Les Trois Pignons na kukuta vyumba vya kazi zake, na jina lake juu ya mlango.

Hapo ndipo tunapaona tofauti. Mama zake na shangazi zake walikuwa na mikono kama yake. Kazi zao zililala kwenye sakafu za watu wengine, zikakanyagwa, zikaisha. Yeye alichagua mwenyewe atengeneze nini, akaweka jina, na kazi yake ikabakia na mtu wake.

Kazi zetu zilizo kwenye majumba ya makumbusho

Msidhani mambo haya ni ya wazungu na ya Waganda tu. Kongo yetu ina zulia lake, zuri kuliko mengi ya dunia. Huko Kasai, katika ufalme wa Wakuba, wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, na wanawake wanakipamba. Mwanamke anasugua nyuzi za rafia mpaka zilainike, anazipitisha kwa sindano chini ya uzi mmoja wa kitambaa, kisha anazikata kwa kisu kidogo zisimame kama brashi. Hafungi fundo. Nyuzi zinabanwa na kitambaa chenyewe, kama vile kitanzi cha Chéticamp kinavyobanwa na gunia. Ukipapasa, unahisi mahameli. Ndiyo maana Wabelgiji walikiita mahameli ya Kasai. Kipande kisicho kikubwa kuliko kitambaa cha kiti kinaweza kuchukua wiki nyingi, na michoro yake ina majina, zaidi ya mia.

Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Walitegemea ashangae. Mfalme hakujali injini. Alichopenda ni alama ambayo gurudumu liliacha mchangani, na akaagiza mchoro ule unakiliwe, ukapewa jina lake. Hadithi hiyo inachekesha, na inaonyesha watu wenye jicho la kuona mchoro kila mahali. Lakini sikilizeni tena: mchoro ulipewa jina la mfalme. Mikono iliyoutengeneza tangu wakati huo ni ya nani? Vitambaa vya Wakuba viko London, viko Tervuren huko Ubelgiji. Mchoraji mkubwa wa Ufaransa, Henri Matisse, alivitundika ukutani mwa chumba chake cha kazi na kuvitazama kwa miaka. Jina la Matisse kila mtu analijua. Jina la mama wa Kasai aliyekata nyuzi zile halikuandikwa.

Na hapa hapa Ituri, msituni upande wa Mambasa na Epulu, wanawake wa Kimbuti wana sanaa yao. Wanaume wanabandua gome la ndani la mti na kuliponda kwa nyundo mpaka likawa kitambaa laini. Wanawake wanakipaka michoro kwa maji ya matunda ya msituni yaliyochanganywa na mkaa, wakitumia kijiti au kidole. Mistari inakwenda, inakatika, inaanza upande mwingine, kama nyimbo zao ambazo sauti moja inaingia pale nyingine inaponyamaza. Wataalamu wa sanaa wameandika vitabu vizima juu ya michoro hiyo, na inauzwa ghali Ulaya na Marekani. Chini ya nyingi imeandikwa "Mbuti, Ituri", na basi. Msanii ni kabila na msitu. Mtu hayupo.

Wababu na wamama zetu walikuwa hawaandiki majina kwa sababu kijijini hakukuwa na haja. Kila mtu alijua mkono wa nani. Leo kitu kinasafiri mbali kuliko sauti ya kijiji, na jina lisiposafiri nacho, linapotea njiani.

Ukitaka kujaribu

Zulia la ndoano linafaa kwetu, maana vifaa vyake vipo. Hatuhitaji kungoja msaada wa mtu.

Kwanza gunia. Tafuta gunia la nyuzi za juti, lile la kahawa au kakao. Gunia la nailoni la mchele au unga halifai: nyuzi zake zinateleza na matundu hayashiki. Lifue, likauke, likunje pindo na ulishone ili lisifumuke. Litandaze kwa nguvu kwenye fremu ya vijiti vinne, likaze kama ngoma.

Pili nguo. Tafuta fulana na sweta za mitumba ambazo hazivaliki tena. Hizo hazitoi nyuzi pembeni kama kikwembe. Zifue, uzikate vipande virefu vya upana wa sentimita 1 hivi. Kadiria nguo yenye eneo mara nne ya zulia unalotaka, kwa sababu vitanzi vinakula kitambaa. Wengi wanaanza na kidogo na kuishiwa rangi katikati.

Tatu ndoano. Kroshe nene inatosha. Ukiikosa, msumari uliopindwa ncha na kunolewa, ukapigiliwa kwenye mpini wa mti, unafanya kazi ile ile. Wanawake wa zamani wa Kanada walitumia hivyo hivyo.

Chora kwa mkaa juu ya gunia. Shika kipande cha nguo chini ya gunia kwa mkono wa kushoto. Ingiza ndoano toka juu, kamata kipande, vuta kitanzi kitokee. Ruka tundu moja au mawili, vuta kingine cha urefu ule ule. Mwanzo na mwisho wa kipande vyote viwe upande wa juu, uvikate sawa na vitanzi. Usifunge fundo popote. Usijaze kila tundu, maana zulia litajikunja kama jani kavu. Ukimaliza, kunja pindo nyuma na ulishone kwa mkono.

Na mchoro? Hapo tunawaomba jambo moja. Msinakili maua ya kwenye kalenda ya Wachina. Tuna ziwa, tuna nyavu zinazoanikwa, tuna mitumbwi iliyolala jioni, tuna ng'ombe wenye pembe ndefu, tuna samaki walioanikwa juu ya vichanja. Hakuna mwanamke wa mji mwingine atakayechora samaki wa Kasenyi kama wewe uliyewapara tangu utoto.

Daftari na jina

Turudi kwa yule mgeni aliyecheka. Tuseme umetengeneza zulia, ukaliuza franka 30,000. Vifaa vilikula 12,000. Umebaki na 18,000, na umefurahi. Lakini je, ulihesabu saa? Kama ulikaa juu yake saa 40, umejilipa franka 450 kwa saa. Sasa unajua. Labda utakubali bei hiyo kwa sababu mtoto anadaiwa shuleni na leo ni leo. Hiyo ni haki yako. Lakini kukubali ukijua si sawa na kupokea bila kujua, na mnunuzi akisema "kwa uzi tu", utakuwa na jibu la hesabu mdomoni.

Kwa hiyo tunapendekeza kila mmoja awe na daftari. Aandike tarehe aliyoanza, saa alizofanya kila siku, vifaa na bei yake. Asiyeandika aombe binti yake amwandikie, na binti atajifunza kitu hapo. Mkiwa kikundi, pangeni bei pamoja kama mnavyopanga zamu za likelemba, ili mwenye shida asilazimike kuuza chini na kuwavunjia wengine soko. Wanawake wa Chéticamp walipojua thamani ya saa zao, ndipo walipoweza kukaa mezani na kuzungumza.

Pia wekeni jina. Shoneni kipande kidogo cha kitambaa nyuma ya kila kazi: jina lako, Kasenyi, mwaka. Kwa uzi mweusi, herufi kubwa. Kama mlifanya wawili, majina mawili. Kama mchoro ulifundishwa na nyanya yako, hakuna ubaya kumtaja naye. Hakugharimu kitu zaidi ya robo saa.

Wengine watasema ni majivuno. Mama mwenye adabu hajitangazi. Tunaheshimu adabu, nasi tumelelewa nayo. Lakini baba akichonga mtumbwi na kusema "huu nimechonga mimi", hakuna anayemwita mwenye majivuno. Wanamwita fundi, na msimu unaofuata wanamrudia. Mtu atakurudia vipi wewe kama hajui alikununulia nini na nani?

Iko sababu nyingine, nayo ni ya watoto. Ituri yetu imepoteza nyumba, mifugo na watu. Vitu vingi ambavyo vingewaambia watoto wao ni nani vimeungua. Zulia linaloandikwa jina linaweza kukunjwa, likabebwa, likavuka ziwa na kurudi. Siku moja mtu atalifunua mahali fulani, aligeuze, na asome kwamba mwanamke fulani wa Kasenyi alikaa akalifikiria na kulitengeneza.

Anayependa kujaribu alete gunia moja na fulana tatu kuukuu kwenye mkutano wetu ujao. Wenye kroshe waje nazo. Na mwenye daftari aje nalo pia, tulianze ukurasa wa kwanza pamoja.